Sanduku la Mzee: Karata, Ramli na Nyota, Nani Anayejua Ghaibu?



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Mjuzi wa yaliyofichikana na yaliyo dhahiri. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wazazi, na ninyi wanafunzi wetu wa madrasa, leo tunataka kuzungumza nanyi jambo ambalo wengi tunalijua lakini tunaliongea kwa kunong'ona. Ni jambo la kupiga ramli, kutazamia nyota na siku hizi karata za utabiri. Hatulileti kwa sababu tumelisoma kitabuni tu. Tunalileta kwa sababu lililetwa mlangoni kwetu likiwa ndani ya sanduku la bati.

Hapa Buteba alifariki mzee wetu mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mzee huyu ndiye aliyetufundisha alif, be, te tulipokuwa wadogo. Tulikaa kwenye mkeka wake, tukaandika kwenye mbao zake, na Juzuu Amma tuliyo nayo kifuani tuliipata kwake. Lakini kila mtu, kuanzia Busia mpaka Tororo, alijua pia kwamba jioni, watoto wakishaondoka, mzee alikuwa anaangalizia. Watu walikuja kwa baiskeli, baadaye kwa boda boda, wengine wakivuka mto kutoka upande wa Kenya. Matanga yalipokwisha, wanawe walitubebea sanduku wakasema, "Mwalimu, vitu vya baba hivi hapa. Tuvichome? Tuviuze? Au kuna elimu ndani yake?"

Tuliwaomba muda. Tukakaa na sanduku lile siku tatu, tukatoa kimoja kimoja. Yafuatayo ni yale tuliyoyakuta na maoni yetu juu yake.

KARATA

Tuanze na kilichowashangaza vijana zaidi. Chini kabisa mlikuwa na pakiti mbili za karata. Moja ni hizi za kawaida ambazo vijana huchezea stendi. Ya pili ilikuwa na picha za ajabu: mtu ananing'inia kwa mguu mmoja, mnara unapigwa radi, mifupa imepanda farasi. Mwanawe alituambia mzee aliipata ndani ya furushi la mitumba, akaanza kuitumia wateja wakimwuliza habari za safari. Karata hizo huko Ulaya zinaitwa taroti. Kijana wetu mmoja wa sekondari alipoziona akasema, "Ustadh, hizi nimeziona kwenye simu." Ndipo tulipojua kwamba tunachelewa kuzungumza.

Basi tuelezeni asili yake, kwa sababu kitu kikijulikana kilikotoka hupungua kutisha. Karata za kuchezea zilianza Uchina, zikapita Uajemi, zikafika Misri ya Mamluki. Katika jumba la Topkapi, Istanbul, zipo karata za Kimamluki za miaka ya 1400 hivi, zenye alama nne: vikombe, sarafu, panga na fimbo za mchezo wa polo. Karata zake za daraja ya juu ni mfalme, naibu na naibu wa pili. Kuanzia miaka ya 1370 karata za namna hii zilienea Ulaya. Na sisi Waswahili tulizipata kwa Wareno, ndiyo maana neno lenyewe "karata" ni la Kireno, na majina ya alama zake pia: kopa ni kikombe, uru ni dhahabu, shupaza ni panga, na pau ni fimbo. Kumbe zile alama nne za taroti tunazitaja kila siku bila kujua!

Taroti ilitengenezwa Italia katika karne ya 15, kwa kuongeza karata 22 za picha juu ya karata 56 za alama nne, jumla 78. Iliongezwa kwa ajili ya mchezo. Kwa zaidi ya miaka 300 watu waliicheza kama tunavyocheza karata. Ilipofika mwaka 1781, Mfaransa mmoja, Antoine Court de Gébelin, aliandika mjini Paris kwamba hiki ni kitabu cha siri cha makuhani wa Misri ya kale. Ushahidi hakuwa nao, na maandishi ya Misri ya kale yenyewe hayakuwahi kusomeka mpaka kazi ya Champollion mwaka 1822! Muda mfupi baadaye mwingine, aliyejiita Etteilla, akaifanya biashara ya utabiri. Pakiti inayoonekana zaidi leo ilitolewa London mwaka 1909. Picha zake zilichorwa na mwanamke aitwaye Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite. Ama hizi nyingine wanazoziita karata za ujumbe, hazina hata hesabu maalumu. Mtu yeyote anakaa, anachora malaika au wanyama, anaandika maneno matamu, anauza.

Wazazi, mtoto wako akikuonyesha jambo hili kwenye simu na kukuambia ni hekima ya kale, mwambie habari hii. Ni mchezo uliovishwa joho.

RAMLI

Kitu cha pili kilikuwa kibao chenye mchanga mwembamba uliochekechwa. Hapa hatuwezi kucheka na kuwasema wazungu, kwa sababu ramli imekuja na lugha ya Kiarabu. Neno lenyewe maana yake ni mchanga. Imetembea mbali sana: Wamalagasi wanayo wanaiita sikidy, na Ulaya iliingia zama za kati kupitia vitabu vilivyofasiriwa kutoka Kiarabu.

Tulimkumbuka mzee akiipiga. Anadonoa mchanga kwa kidole mistari kumi na sita bila kuhesabu, kisha anafuta nukta mbili mbili. Mwisho wa mstari hubaki nukta moja au mbili. Mistari minne hufanya umbo moja, na maumbo yote yanayowezekana ni 16. Anapata maumbo manne ya mwanzo, ambayo huitwa mama. Akiyasoma kwa upande anapata mabinti wanne. Kisha anajumlisha mawili mawili: moja na moja ni mbili, mbili na mbili ni mbili, moja na mbili ni moja. Anaendelea mpaka umbo la 15, linaloitwa mizani, ambalo ndilo hukumu.

Tulifanya jambo moja ambalo tunaliona lina faida. Tuliwaita wanafunzi wakubwa, tukawapa karatasi na kalamu, tukawaambia wafanye hesabu hiyo mara nyingi wapendavyo, bila swali, bila nia yoyote ya kutazamia. Kisha tukawauliza: jumla ya nukta za mizani ni ngapi? Wakatoa 4, 6, 8. Kila mara namba shufwa. Hakuna aliyepata 5 wala 7. Binti mmoja wa darasa la saba akagundua sababu. Mabinti wanatokana na mama kwa kugeuzwa upande tu, kwa hiyo kila nukta inahesabiwa mara mbili ndani ya mizani, na kitu kinachohesabiwa mara mbili hakiwezi kuwa witiri. Maana yake ni kwamba katika maumbo 16, manane hayawezi kamwe kuwa hukumu, hata upige ramli mpaka Kiyama. Hayo si majini, wala si ghaibu. Ni hesabu ya shule ya msingi. Ukianza na mama wanne, mabao yote yanayowezekana ni 65,536, basi. Na mambo ya waja wa Mwenyezi Mungu hayana mwisho.

NYOTA

Cha tatu ni vitabu vya falaki, vimeliwa na mchwa pembeni, na vipande vya magazeti vya "nyota yako leo". Wengi mnamkumbuka mnajimu Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, aliyefariki mwaka 2011. Sauti yake na utabiri wake vilifika mbali katika Afrika Mashariki. Kabla ya uchaguzi wa Tanzania wa 2010 ilitangazwa katika magazeti kwamba ametabiri kifo cha ghafla kwa atakayempinga Rais Kikwete ndani ya chama chake. Sisi hatumjadili marehemu, amekwenda kwa Mola wake. Tunajadili namna taifa zima linavyoweza kusimama kusikiliza maneno ya aina hiyo.

Namna ya kutafuta nyota iliyomo katika vitabu vile ni hii. Unachukua jina la mtu na jina la mama yake, unahesabu herufi kwa abjadi, unagawa kwa 12, unachobaki nacho ndiyo buruji yake. Haya, tuhesabu. Ali: ain 70, lam 30, ya 10, jumla 110. Mama yake Fatima: fa 80, alif 1, ta nzito 9, mim 40, na ile herufi ya mwisho ukiihesabu kama ha ni 5, jumla 135. Zote ni 245. Toa kumi na mbili mara ishirini, inabaki 5. Ya tano ni Asad, Simba. Kwa hiyo kila Ali bin Fatima, awe dereva wa lori Malaba, awe mfanyabiashara Maskati, awe mtoto wa jana, wote ni Simba na bahati yao ni moja! Na ile herufi ya mwisho ukiihesabu kama te, ni 400. Jumla inakuwa 640, inabaki 4, na Simba amegeuka Kaa. Je, majaaliwa ya mja yananing'inia kwenye nukta mbili juu ya herufi?

Hapa lazima tutenganishe mambo mawili, kwa sababu wengi huyachanganya. Elimu ya kuhesabu mwendo wa jua na mwezi ni elimu yenye heshima katika Uislamu. Kwayo tunajua nyakati za swala, na kwayo tunajua kwamba sisi wa Buteba Kibla chetu ni kaskazini, ukielekea kidogo mashariki. Tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa, na watu walijaa Pakwach kulitazama. Siku na saa vilijulikana kabla kwa sababu ni hesabu. Lakini kusema kupatwa huko kumekuja kuua mfalme fulani, hayo ni mengine. Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa siku hiyo, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Fikirini ndugu: baba amefiwa, watu wanampa heshima kwamba hata mbingu inaomboleza pamoja naye. Naye akakataa. Akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu. Kama ingekuwa ni halali kuisoma mbingu kwa namna hiyo, siku ile ndiyo ingekuwa siku yake.

DINI YETU INASEMAJE?

Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa na mishale ya kutazamia. Mtu akitaka kusafiri au kuoa, anachomoa mshale, aone umesema fanya au usifanye. Ni sawasawa na kuchomoa karata. Qur'an katika Suratul Maida, aya ya 90, imeitaja mishale hiyo pamoja na ulevi na kamari, ikatuamrisha tujiepushe nayo. Na Mtume (s.a.w.) alipoingia Makka alikuta ndani ya Al-Kaaba picha za Nabii Ibrahim na Ismail (a.s.) wameshika mishale hiyo. Akaamuru zitolewe, akaeleza kwamba manabii wale hawakutazamia kwayo hata siku moja.

Katika Suratul An'am, aya ya 59, tunafundishwa kwamba funguo za ghaibu ziko kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Katika Suratul A'raf, aya ya 188, Mtume wetu mwenyewe ameamrishwa awaambie watu kwamba lau angejua ghaibu angejizidishia kheri na lisingemgusa ovu. Na wale wanaosema "mimi naambiwa na majini", wasome Suratu Saba, aya ya 14. Majini waliendelea kumtumikia Nabii Suleiman (a.s.) akiwa ameshakufa, ameegemea fimbo yake, wasijue mpaka mdudu alipoila fimbo akaanguka. Hao walikuwa mbele yake na hawakujua. Watajua mwizi wa ng'ombe wako?

Atauliza mtu, "Lakini mwalimu, mara nyingine wanapatia." Ndiyo. Maswahaba waliuliza swali hilo hilo. Wakajibiwa kwamba ni neno moja la kweli linalonyakuliwa, kisha linachanganywa na uongo mia. Na katika Sahihi Muslim imekuja kwamba anayemwendea mtabiri na kumwuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku arobaini.

DAFTARI

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike makala hii.

Ndani ya sanduku mlikuwa na daftari nene la jalada gumu. Mzee alikuwa mtu wa mpangilio, aliandika kila aliyekuja, alichouliza na bao lilivyosema. Tulisoma kurasa chache, kisha tukaona haya, kwa sababu ile ilikuwa ni mioyo ya watu. Mume kaenda Nairobi miaka minne, atarudi? Mtoto atafaulu? Kwa nini mimba zinaharibika? Nani kachukua ng'ombe wawili? Ndugu zetu, tulijifunza kwamba watu hawaendi kwa mpiga ramli kwa sababu ni makafiri. Wanaenda kwa sababu wana maumivu, na hakuna aliyekaa nao.

Tulitaka kulifunga. Ndipo tukaona jina la mama yetu.

Mwaka ni 1989. Mtoto wa miezi kumi na minne, homa na degedege, amefariki. Huyo alikuwa mdogo wetu. Mama aliuliza ni nani. Jibu liliandikwa mstari mmoja: mwanamke, jamaa wa damu, ng'ambo ya maji.

Shangazi yetu, dada wa baba, aliolewa ng'ambo ya mto Malaba, upande wa Kenya. Wiki moja kabla ya msiba alikuja kututembelea, akambeba mtoto mgongoni. Basi ikawa ni yeye. Hakuna aliyemshitaki, hakuna aliyempiga, alhamdulillah. Lakini tangu siku ile hakualikwa kwenye harusi, hakuarifiwa msiba, na sisi watoto tuliambiwa tusipokee chakula mkononi mwake. Tulikua tukimwogopa. Mama yetu alifariki mwaka 2014 bila kusema naye neno. Na kila mtu aliyekaa maeneo yetu anajua kwamba Tororo na vitongoji vyake ni mahali ambapo watafiti wa malaria wamerekodi maambukizi makubwa mno. Homa na degedege kwa mtoto wa umri ule, bila chandarua, haihitaji mwanamke wa ng'ambo.

Tukarudi nyuma katika daftari, haya ikatutoka. Tukatafuta maneno yale, "ng'ambo ya maji". Tuliyakuta mara kumi na moja, kwa watu kumi na mmoja mbalimbali. Mmoja kaibiwa, mmoja hazai, mmoja duka limekufa. Sisi ni watu wa mpakani! Nani kati yetu hana jamaa ng'ambo ya maji? Hilo si jibu, ni wavu. Kila anayelipokea anamtafuta mwenyewe wa kumnasa.

Mwaka 1948 mwalimu mmoja wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, akawaomba wayape alama kuanzia 0 mpaka 5. Walitoa wastani wa zaidi ya 4, wakaona wameelezwa barabara. Kumbe wote walipewa karatasi yenye maneno yale yale, aliyoyatoa katika kitabu cha unajimu. Karata, ramli na nyota zote zinafanya kazi kwa njia hii. Maneno mapana yanatolewa, na mwenye shida anayajaza kwa uchungu wake.

Tofauti ni kwamba wanafunzi wale waliambiwa habari zao wenyewe. Sisi huku tunaambiwa habari za ndugu zetu. Hapo ndipo dhambi inapokuwa mbili: kudai ghaibu, na kukata undugu kwa dhana. Mtume (s.a.w.), nyumba yake iliposingiziwa katika kisa cha Bibi Aisha (r.a.), alikaa karibu mwezi mzima katika dhiki. Hakumwendea kahini. Alingoja, akauliza watu wenye kumjua mkewe, mpaka wahyi uliposhuka na kumtakasa. Huo ndio mwenendo.

SISI WALIMU

Tuseme ukweli, hata kama unatuuma. Mlango huu haukufunguliwa na wazungu wala na simu. Tumeufungua sisi walimu wa madrasa. Mzazi analipa ada ya madrasa kwa shida, tena kwa kuombwa mara tatu. Lakini mzazi huyo huyo ukimwambia una kitabu cha nyota, atatoa jogoo na noti siku hiyo hiyo. Mzee wetu alitufundisha Qur'an bure miaka na miaka. Njaa yake ilikuwa ikijibiwa jioni. Na sisi wenyewe tulipokuwa vijana tumewahi kumfungulia mtu msahafu kwa kidole, tukamsomea aya na kumwambia hiyo ndiyo bahati yake, akatupa pesa nasi tukazipokea. Tumetubu. Tunalisema ili msidhani tunawanyooshea wengine vidole.

Hata istikhara tumeigeuza karata. Watu wanataka ndoto, rangi ya kijani au nyekundu, wanamlipa sheikh awaswalie. Istikhara aliyoipokea Jabir (r.a.) kutoka kwa Mtume (s.a.w.) ni rakaa mbili za mwenye shida mwenyewe, na dua ya kumwomba Mola amchagulie kheri na amridhishe nayo. Haimwambii kesho itakuwaje. Inamfundisha kuingia kesho akiwa ameshika mkono wa Mola wake, baada ya kushauriana na wajuzi na kutumia akili.

Hatumhukumu mzee wetu. Mwisho wa mja anaujua Muumba wake. Tutaendelea kumwombea kwa kila herufi aliyotufundisha.

TULIFANYA NINI NA SANDUKU?

Wanawe tuliwajibu hivi. Msiuze, kwa sababu kuuza ni kuhamisha madhara. Karata za picha tulizichoma, na vipande vya magazeti pia. Mchanga tuliumwaga shambani, mchanga hauna kosa. Vitabu tulivitenga: jedwali za miezi na nyakati tumezihifadhi, kurasa za kutazamia zimechomwa. Daftari nalo tulilichoma bila kumwonyesha mtu, kwa sababu siri za waliokuja ni amana hata kama mahali walipozipeleka si pake. Tulibakisha karatasi moja tu.

Karatasi hiyo tulivuka nayo. Shangazi yetu sasa ni bibi kizee, macho hayaoni vizuri. Tulimsalimu tukamwambia, "Shangazi, tumekuja kuomba radhi," tukamsomea mstari ule, tukamweleza ulivyoandikiwa watu wengine kumi. Alinyamaza kwa muda mrefu. Hakuuliza habari za ramli hata kidogo. Aliuliza, "Mama yenu mlimzika siku gani? Sikuambiwa." Tukamwambia. Akaomba aletwe. Juma lililofuata alivuka kwa boda boda, akasimama kaburini akawaombea mama na mtoto, kisha akala nyumbani kwetu. Watoto wetu walipokea chakula mkononi mwake.

Miaka zaidi ya thelathini ilikuwa imekwenda, na hakuna wa kuirudisha.

NASAHA

Basi ndugu wazazi, mtoto akiugua homa, zahanati kwanza, siku hiyo hiyo, na dua pamoja nayo. Msiba ukiingia, msiulize ni nani, semeni Innaa lillahi wa innaa ilayhi raaji'uun. Jirani akiwa na uchungu, nendeni mkae naye kabla hajakwenda kwa mwenye kibao. Kama kuna jamaa mliyemkata kwa neno la mpiga ramli, vukeni mto leo, msingoje sanduku la mtu. Waangalizi msiwapige wala msiwachomee nyumba, hiyo nayo ni dhulma. Waachieni njaa ya wateja. Na walimu wenu wa madrasa walipeni haki yao, wasije wakaitafuta jioni.

Nanyi wanafunzi, mkiona karata hizo kwenye simu zinawaambia mtampenda nani na mtafaulu nini, zipisheni. Someni, mshauriane na wakubwa, mswali rakaa mbili.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe yaliyopita, aunge undugu tulioukata, awarehemu wazee wetu waliotufundisha, na atuepushe na kudai lisilokuwa letu. Amin.

Wallaahu a'lam. Wabillahi tawfiq.